Mpimeni mwanafunzi jicho kabla ya kumpa bega

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalofanywa hapa Dar es Salaam kwa nia njema lakini kwa hasara, nalo ni desturi ya wakufunzi wa silaha kumtaka kila mwanafunzi aegemeze kitako cha bunduki kwenye bega la kulia bila kuuliza kwanza ni jicho lake lipi linalotawala, yaani lile ambalo ubongo hulitegemea zaidi wakati wa kulenga. Mpwa wangu, kijana wa miaka 23 anayejifunza kazi ya ulinzi katika kampuni moja ya hapa jijini, amekosa shabaha kwa wiki mbili mfululizo akitumia bunduki ya marisau, ile ambayo wengi wetu tunaiita shotigani, na ameambiwa kwamba ana mkono mzito. Nilimpima jicho uani kwangu kwa muda usiozidi dakika moja, nikaona kwamba mkono wake hauna kosa lolote.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata mwenyewe. Nilifanya kazi ya udereva wa malori huko Texas, Marekani, kwa miaka 14, na huko ndiko nilikoingia katika mchezo wa shabaha wa makauboi, ulioanzia kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambao chama chake kikuu, Single Action Shooting Society, kiliundwa mwaka 1987. Wachezaji huvaa mavazi ya karne ya 19 na kutumia silaha za muundo wa zama hizo: bastola mbili ambazo nyundo yake hukokiwa kwa dole gumba kila risasi, bunduki ya wenzo, yaani inayokokiwa kwa mpini ulio chini yake, na shotigani ya mitutu miwili iliyolala sambamba au ile ya kampuni ya Winchester ya mwaka 1887 au 1897, ambazo zote mbili zilibuniwa na John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani. Anayemaliza kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi, na kila shabaha iliyokoswa humwongezea mtu sekunde 5. Shotigani huanza ikiwa tupu, risasi zikiwa kwenye mkanda kiunoni, na hairuhusiwi kupakia zaidi ya mbili kwa mara moja, hivyo mchezaji hulazimika kupakia, kupiga na kupakia tena huku saa ikihesabu. Kwa maoni yangu, mashindano mengi hupotelea hapo kuliko kwenye bastola.

Nilikuwa nimecheza kwa bega la kulia miaka 8 pale retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ya jicho langu la kulia ilipochanika. Madaktari waliiokoa, na ninawashukuru hadi leo, lakini katikati ya jicho hilo pamebaki ukungu ambao hauondoki. Shotigani haina alama ya kulengea upande wa nyuma. Ina shanga ndogo tu kwenye ncha ya mtutu, na jicho la mpigaji ndilo alama ya nyuma yenyewe. Kwa sababu hiyo jicho likihama, bunduki nzima imehama. Nilijaribu kuendelea kwa bega la kulia huku nikitazama kwa jicho la kushoto, nikakosa shabaha za chuma zilizosimama umbali wa mita 10 tu mbele yangu. Hesabu yake si ngumu: macho ya mtu yameachana kwa takriban sentimita 6, na kutoka jichoni hadi kwenye shanga ni kama mita moja, kwa hiyo mtu akiilinganisha shanga na shabaha kwa jicho la upande wa pili, marisau yatapita kushoto kwa zaidi ya nusu mita. Kwa umbali huo marisau hayajatawanyika kiasi cha kulifunika kosa kubwa namna hiyo. Hicho ndicho kinachompata mpwa wangu, ingawa macho yake yote mawili ni mazima, kwa sababu ubongo wake huchagua la kushoto bila yeye kujua.

Basi nikahamia bega la kushoto, nikiwa na umri wa miaka 47. Bastola hazikunisumbua, kwa kuwa mkono ukinyooshwa mbele unaweza kugeuza kichwa kidogo tu na jicho lolote likafika. Bunduki ya wenzo nayo, ile ya muundo wa mwaka 1873, hutoa maganda kwa juu na haimjali mtu wa kushoto wala wa kulia. Kazi ilikuwa kwenye shotigani. Ile yangu ya mitutu miwili ina wenzo wa kuifungulia juu ya shingo ya kitako, na wenzo huo husukumwa kuelekea kulia. Dole gumba la mkono wa kulia hulala penyewe upande unaofaa, ilhali la kushoto lazima linyanyuliwe na kuvushwa ndipo lisukume. Kitako chenyewe kilikuwa kimepindwa kidogo kuelekea kulia ili kimfuate shavuni mtu wa kulia, na nilipokihamisha kilinigonga mfupa wa shavu hadi fundi mmoja aliponipindia upya. Na lililo gumu kuliko yote ni kwamba mkono wangu wa kulia, uliokuwa umezoea kuchomoa risasi mbili mkandani na kuzitumbukiza pamoja, sasa ndio ulioshika mitutu, na wa kushoto ukatakiwa kujifunza kazi hiyo upya kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilikaa miezi 5 nikifanya zoezi hilo kila jioni kwa risasi bandia, bunduki ikiwa imekaguliwa mara mbili kuwa ni tupu na mdomo wake umeelekezwa kwenye ukuta wa udongo, taratibu kwanza, bila saa. Hata miguu ilibidi ifundishwe, kwa kuwa sasa wa kulia ndio unaotangulia.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba bunduki ya mwaka 1897, ambayo hukokiwa kwa kuvuta kishikio cha mbele, humfaa mtu wa kushoto kwa namna ambayo sikuitarajia. Dirisha lake la kupakilia liko upande wa kulia. Ukiiweka bega la kushoto, mkono wa kulia unaovuta kishikio ndio huo huo unaoshuka mkandani na kurudi moja kwa moja dirishani, bila kuzunguka juu wala chini ya bunduki. Ni kweli kwamba maganda hurukia kulia na kukatiza mbele ya uso, kwa hiyo miwani ya kinga, ambayo ni lazima kwa kila mpigaji, kwa mtu wa kushoto haina mjadala hata kidogo. Katika msimu wangu wa pili wa kushoto nilirejea kwenye muda niliokuwa nikiupata kwa kulia.

Najua kwamba katika malezi yetu ya pwani mkono wa kushoto una sifa mbaya. Mimi mwenyewe nililelewa Kariakoo, na nimewaona watoto wenzangu wenye mashoto wakichapwa vidole darasani hadi wakahamisha kalamu. Adabu ya kula, kupokea na kusalimia kwa mkono wa kulia naiheshimu na nimewafundisha wanangu. Lakini jicho halikuumbwa kwa adabu hiyo. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto, na kiasi cha theluthi ya watu wanatawaliwa na jicho la kushoto, wakiwamo wengi wanaoandika kwa kulia na wasiojua kabisa kwamba wako hivyo. Mlinzi anayesimama mlangoni mwa benki na shotigani begani, huku watu wakipita mbele na nyuma yake, hapaswi kuwa mtu ambaye marisau yake huenda nusu mita kando ya pale anapodhani ameelekeza.

Kipimo hakihitaji kifaa. Mwanafunzi anyooshe mikono yote miwili, aunganishe viganja abakize kitundu kidogo cha pembetatu kati ya madole gumba, na kwa macho yote mawili wazi atazame kitu cha mbali kupitia hapo, tuseme taa ya nguzo ya umeme au ncha ya mnara wa msikiti. Kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho ambalo likibaki wazi peke yake kitu hicho hakitoki kitunduni ndilo linalotawala, na bega la upande wake ndilo la kuanzia. Ninawaomba wakufunzi wa kampuni za ulinzi na wa viwanja vya shabaha vya jiji hili wafanye hivyo siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa bunduki.

Mpwa wangu atarudia jaribio lake Jumamosi ijayo. Nimemwandikia mkufunzi wake kwa heshima kumwomba amruhusu apige risasi 5 kwa bega la kulia na 5 kwa la kushoto, kisha wahesabu matundu kwenye karatasi pamoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlenga shabaha wa kushoto,
Kigamboni, Dar es Salaam