Kabla ya kubomoa jengo la maduka Ngamiani, tuitazame foleni yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki chache zilizopita, akitaka jengo la maduka lililoko kwenye makutano ya barabara hapa kwetu Ngamiani, Tanga, libomolewe, barabara ipanuliwe, na foleni ya jioni iishe. Aliandika kwa adabu, na shida aliyoieleza ni ya kweli, kwani mtu anayetoka Chumbageni saa kumi na moja jioni akielekea Makorora anaweza kukaa ndani ya daladala akiuona mlango wa duka analolitaka, na bado akachelewa kuufikia hadi duka limefungwa. Shida hiyo siikatai. Ninaikataa dawa aliyoipendekeza, na ninaomba nieleze kwa nini.

Kwanza niweke wazi maslahi yangu. Nina fremu moja katika jengo hilo, ninauza vitambaa na kanga, na nilikuwepo pale tangu fremu ya kulia kwangu ilipokuwa ya fundi saa. Msomaji ana haki ya kunisoma akilijua hilo. Hata hivyo, mtu anayeshinda nyuma ya kaunta inayotazama makutano huona mambo ambayo aliyekwama ndani ya gari hawezi kuyaona, kwa sababu aliyekwama huona mgongo wa gari lililo mbele yake tu.

Baada ya kuisoma barua ile nilichukua daftari, na kwa siku sita, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, kila magari yaliposimama kabisa niliandika saa na sababu niliyoishuhudia kwa macho. Sidai kwamba huo ni utafiti wa kihandisi. Lakini niliyoyaandika yalijirudia karibu kila siku. Asubuhi lori la saruji au la mchele husimama katikati ya mtaa, mahamali wakashusha mzigo gunia kwa gunia, na mara nyingine lori la pili likangoja nyuma yake hadi la kwanza liondoke. Kufika adhuhuri magari madogo yamekwisha egeshwa pande zote mbili, na mengi ni ya sisi wenyewe wenye maduka, tunaofika mapema, tukaegesha mbele ya milango yetu na kuyaacha hapo hadi Magharibi. Nami nimefanya hivyo kwa miaka, na baada ya siku ya tatu ya kuandika niliona aibu, nikaacha. Jioni daladala hukiacha kituo na kupakia kwenye kona yenyewe, kwa kuwa abiria wako kwenye kona. Na abiria wako kwenye kona kwa kuwa kituo hakina kivuli wala bati la kujikingia mvua, ilhali baraza ya jengo letu ina vyote viwili. Siku ya Alhamisi ilinyesha, mtaro uliojaa mchanga na chupa ukafurika, upande mmoja wa barabara ukageuka bwawa, na magari yakapita kwa zamu mpaka usiku. Katika kurasa zote za daftari hilo hakuna mahali nilipoandika kwamba gari lilisimama kwa sababu ukuta wa jengo uliziba njia.

Sasa tujiulize itakuwaje mtaa huo ukiongezwa upana na hayo yote yakabaki kama yalivyo. Lori litashushia mzigo pale pale, magari yatapata safu ya pili ya kuegesha, daladala zitapata kona pana zaidi ya kupakia, na mtaro utafurika kama kawaida yake. Wapo walioonyesha kwamba upana si jibu pekee. Jiji la Seoul, Korea Kusini, lilianza mwaka 2003 kuivunja barabara ya juu iliyokuwa imejengwa juu ya mto wa Cheonggyecheon, likaufukua mto huo na kuufungua kwa watu mwaka 2005, na mwaka 2004 likapanga upya huduma ya mabasi yake yote. Walipunguza barabara, wakatengeneza usafiri wa umma, na jiji halikusimama. Sisemi Tanga ni Seoul, ila hakuna anayeweza kutuambia kwamba mji ukisongwa na magari lazima uchague nyumba ya kuvunja.

Na kwa nini twende mbali? Mabasi ya mikoani yalipokuwa yakipakia hapa hapa Ngamiani, mitaa ya jirani ilikuwa haipitiki, hasa siku za kuelekea sikukuu. Yalipohamishiwa stendi ya Kange mitaa ile ilipumua, na hakuna fremu hata moja iliyovunjwa ili mitaa hiyo ipumue. Wapo waliolalamika kwamba Kange ni mbali na nauli ya bajaji imewaongezea gharama, na malalamiko hayo yana haki yake. Lakini kuhusu foleni, jambo lilionekana bila kuhitaji mtaalamu.

Kuna hazina nyingine tuliyonayo ambayo mwandishi mwenzangu hakuigusa. Ngamiani imepangwa kwa barabara zilizonyooka, ambazo sisi wenyeji tunaziita kwa namba, kiasi kwamba mgeni akiambiwa aende Barabara ya 8 akishapita ya 7 hahitaji kuuliza tena. Katika mji uliopimwa hivyo, karibu kila barabara ina nyingine inayokwenda sambamba nayo hatua chache tu pembeni. Barabara mbili zinazofuatana zinaweza kufanywa za mwelekeo mmoja, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, na magari yanayokatisha mbele ya mengine kwenye makutano yakapungua kwa gharama ya rangi, vibao na askari wa usalama barabarani kwa miezi michache ya mwanzo. Miji iliyokua bila mpango, yenye vichochoro vinavyoishia kwenye kuta za watu, ingetamani kuwa na nafasi hiyo. Sisi tunayo, na tunazungumzia tingatinga.

Malori nayo yanahitaji mpango wake. Bandari yetu imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi mita 13 na kujengewa gati lenye urefu wa mita 450, ili meli zifunge gatini badala ya kutia nanga mbali na mzigo kuletwa kwa matishari. Ni neema ambayo Tanga iliingoja kwa miaka mingi, na neema hiyo inakuja na malori. Yakipangiwa njia zake, na ya kushusha bidhaa madukani yakipangiwa saa za usiku au alfajiri, makutano yetu yatapata nafuu ambayo kuvunjwa kwa jengo hakuwezi kuileta, kwa sababu malori hayapungui kwa kuongezewa mahali pa kusimama.

Nakubali kwamba yako majengo yaliyolazimika kuondolewa. Pale Ubungo, Dar es Salaam, hata sehemu ya jengo la makao makuu ya shirika la umeme, TANESCO, ilivunjwa mwaka 2017 kupisha ujenzi wa barabara za juu, na barabara hizo, zinazoitwa daraja la Kijazi, zilipofunguliwa Februari 2021 kila mtu aliona kilichopatikana: magari yanapita kwa ngazi tatu. Palikuwa na michoro, palikuwa na fedha, na jengo lilikuwa mahali ambapo nguzo na barabara zingepita. Akitokea mhandisi akanionyesha mchoro wa makutano yetu wenye uzito wa namna hiyo, nitafunga mabunda yangu ya vitambaa mwenyewe. Ninachokiogopa ni kuvunja kwanza na kufikiri baadaye, kisha tukabaki na uwanja wa vumbi ambao kabla ya mwaka kwisha utakuwa maegesho ya bodaboda.

Katika mazungumzo ya barazani nimesikia pia watu wakisema kwamba jengo hilo liko ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, "maana sheria ni mita 30". Tuwe waangalifu. Mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara ni kipimo kilichokuja na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 kwa barabara kuu na za mikoa, na kabla yake kilikuwa mita 22.5. Ndiyo maana katika barabara hizo tumezoea kuona alama ya X ya rangi mbili: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye halipwi, na kijani kwa aliyefuatwa na nyongeza ya mita, ambaye hulipwa. Palipo na historia ya pekee vipimo hutofautiana, kama wakazi wa kati ya Kimara na Kibaha walivyojifunza kwa uchungu mwaka 2017 walipoambiwa kwamba hifadhi ya Barabara ya Morogoro kwao ni mita 121.5 kila upande. Mtaa wa Ngamiani si barabara kuu wala ya mkoa. Kipimo chake kitazamwe katika ramani ya mipango miji ya eneo husika, si katika maneno ya barazani, na ramani hiyo ibandikwe mahali ambapo sisi sote tutaisoma.

Nije sasa kwenye jambo linaloninyima usingizi, nalo ni fidia. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalinda haki ya mtu kumiliki mali na kukataza kunyang'anywa bila fidia inayostahili. Kanuni za mwaka 2001 za kukadiria thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia zinakwenda mbali zaidi ya bei ya kiwanja na matofali: zinataja posho ya usumbufu, gharama za usafiri, na fidia ya kupoteza faida, ambayo hupatikana kwa kuchukua faida halisi ya biashara kwa mwezi na kuizidisha kwa miezi 36. Kwenye karatasi ni kanuni ya haki kabisa. Lakini faida hiyo huthibitishwa kwa hesabu, na pale inapolazimu kwa hesabu zilizokaguliwa. Katika jengo letu yupo mama anayeshona sare za shule, ambaye kitabu chake cha hesabu ni daftari la vipimo vya watoto. Yupo kijana anayetengeneza simu kwenye meza aliyoikodi ndani ya fremu ya mwenzake. Na chini ya ngazi yupo mama lishe anayetulisha wote, ambaye jina lake halimo katika mkataba wowote. Mthamini akija na fomu yake, watu hawa wataandikwa wapi?

Kuna pia kilemba, fedha ambayo mpangaji mpya humlipa anayemwachia fremu, ambacho kila mfanyabiashara anakijua na hakuna stakabadhi inayokitaja. Mimi nilipoingia katika fremu yangu nilimlipa aliyenitangulia fedha niliyoikusanya kwa miaka minne ya kutembeza kanga mitaani, mbali na pango la mwenye jengo, kwa kuwa ndiyo desturi ya maduka yenye wateja. Siku jengo likivunjwa, mwenye jengo atalipwa jengo lake na kiwanja chake. Kilemba changu kitakwenda na kifusi. Nairobi, Septemba 2018, jengo kubwa la maduka la Embakasi lililojulikana kwa miaka mingi kama Taj Mall lilivunjwa kwa hoja kwamba lilisimama kwenye hifadhi ya barabara. Sina ugomvi na hoja hiyo. Ila aliyekodi chumba humo hakuwa ndiye aliyechagua kiwanja wala aliyechora ramani, na bidhaa zilizobidi kuhamishwa zilikuwa zake.

Ombi langu kwa wanaohusika na barabara na mipango ya jiji ni kwamba kabla mtu yeyote hajaanza kuandika X ukutani, yajaribiwe kwanza yale yasiyovunja kitu. Kituo cha daladala kiezekwe ili abiria wawe na sababu ya kwenda huko. Mtaro uzibuliwe kabla ya masika. Saa za kushusha mizigo zitangazwe na zisimamiwe, na sisi wenye maduka tupangiwe mahali pa kuegesha hata kama ni mbali, tutatembea. Mwelekeo mmoja ujaribiwe kwa miezi sita katika barabara mbili tu. Miezi hiyo ikipita na foleni ikawa ile ile, tuitwe wote, wenye jengo na wapangaji, hadi mama lishe wa chini ya ngazi, tuoneshwe michoro na tuambiwe tutahesabiwa vipi.

Daftari langu liko juu ya kaunta. Mhandisi au ofisa yeyote atakayetaka kulisoma, au atakayetaka kukaa kwenye kiti changu siku nzima ayatazame makutano mwenyewe, atanikuta kuanzia saa mbili asubuhi, siku zote isipokuwa Ijumaa wakati wa sala.

Mfanyabiashara wa vitambaa,
Ngamiani, Tanga