Mafundi, bomba la hewa mnalipeleka wapi?

Mhariri naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni, tena puani kabisa.

Mimi ni mpangaji huku Tabata, vyumba viwili na choo cha ndani, taili mpaka juu, sinki linang'aa, yaani ukiingia unasema hapa sasa nimefika. Wiki ya kwanza tu ikaanza harufu ya yai viza. Nikasugua choo, nikamwaga dawa, nikanunua vile vimanukato vya kuning'iniza, mama watoto akaapa kuna panya kafia kwenye dari. Baba mwenye nyumba akaita gari la kunyonya maji taka, wapangaji tukachangishwa, shimo likanyonywa mpaka chini, na kesho yake harufu iko pale pale. Mende ndio usiseme, usiku wanapanda kwenye tundu la bafuni kama wameitwa kwenye kikao.

Mwisho nikaletewa fundi mmoja mzee, hata spana hakushika. Akaniambia mwanangu hebu nenda kaflashi choo, mimi nasikiliza hapa kwenye sinki. Nikaflashi. Sinki likapiga glu glu glu kama mtu anasukutua. Mzee akacheka, akasema nyumba yenu haina pua.

Akanionyesha ile sehemu ya bomba chini ya sinki iliyopinda kama U, mimi miaka yote nilidhani imepindishwa ili pete ikidondoka isipotelee mbali. Kumbe kazi yake ni kubakiza maji, kina chake kama sentimita 5 hivi, na hayo maji ndio mlango kati yako na shimo. Sasa ukiflashi, maji yanashuka kwa mkupuo na nyuma yake yanavuta hewa, yakikosa pa kuivutia yanaivuta kwenye sinki na bafu, yanaondoka na yale maji ya kwenye U na mlango unabaki wazi, gesi ya shimo inapanda ndani unapolala. Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja maziwa yanatoka kwa kusitasita, toboa la pili uone yanavyotiririka. Tundu la pili la nyumba ndio bomba la hewa, linaungwa kwa tii, kile kiungio chenye umbo la herufi T, kwenye bomba la choo, linapanda ukutani mpaka juu ya bati na kule juu linaachwa wazi.

Sasa kinachoniuma. Shule niliyosoma kijijini ilikuwa na choo cha shimo, kile wanachokiita VIP, yaani choo cha shimo kilichoboreshwa kwa bomba la hewa, ambacho kilianzia Zimbabwe miaka ya 1970, na kilikuwa na bomba lake la hewa limesimama nyuma, juu lina wavu wa kuzuia nzi. Choo cha shimo jamani! Halafu mjini mtu anatoa mamilioni ya taili, bomba la hewa linakatwa ili kubana matumizi, au fundi anaona litaharibu sura ya nyumba. Wengine ndio vituko kabisa, wanalipandisha halafu wanaliishia ndani ya dari, ndipo gesi inapojikusanya, na humo kuna methani ambayo inashika moto na humo humo ndimo zinapopita nyaya za umeme. Mwingine analichomozea dirishani kwa jirani.

Na wavu usidharauliwe. Hawa mbu wa Culex wanaopenda kuzaliana kwenye maji ya chooni ndio hao hao wanaoeneza matende na mabusha huku pwani, kwa hiyo bomba lisilo na wavu ni geti la mbu. Kule Makunduchi Zanzibar walifikia mpaka kumwaga punje zinazoelea za polistirini kwenye mashimo ya vyoo ili mbu wasipate maji ya kutagia.

(Kwa wenye chumba cha wageni ambacho hakitumiki, maji ya kwenye ile U hukauka yenyewe hata kama bomba la hewa lipo, mwaga kikombe cha maji mara moja moja mtaona tofauti.)

Kwetu ilichukua mchana mmoja, bomba la inchi 4, tii, elbo mbili, gundi na kipande cha wavu. Glu glu imekwisha, harufu imekwisha, mende wamepungua. Ile hela ya gari la kunyonya haikurudi, tumesamehe.

Ombi langu ni kwa wahandisi wa halmashauri, mnapopita kukagua msiishie kwenye msingi na nguzo, angalieni na bomba la hewa kabla ukuta haujapigwa plasta, maana kwenye ramani linachorwa vizuri tu. Baba mwenye nyumba anajenga nyingine hapa pembeni, imeshafika lenta, vyoo vinne. Jana nimepita kuchungulia, tii hata moja sijaiona.

Mpangaji,
Tabata, Dar es Salaam