Malalamiko kuhusu mipangilio ya mfumo wa faili kwenye seva mliyotufungia

Lubumbashi, komini ya Kampemba

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni ya huduma za kompyuta

YAH: DISKI YA DATA ILIYOANDALIWA KINYUME NA KAZI YA MAABARA YETU

Bwana Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa niaba ya maabara yetu ya uchunguzi wa madini, ambayo ilinunua kwenu seva pamoja na kazi yote ya kuifunga, kuandaa diski zake na kutukabidhi ikiwa tayari kutumika. Malalamiko yetu hayahusu vifaa, maana mashine yenyewe ni nzima. Yanahusu mipangilio ya mfumo wa faili (utaratibu unaopanga faili kwenye diski) iliyowekwa kwenye diski ya data, ambayo ilichaguliwa bila mtu yeyote wa kwenu kutuuliza tunafanya kazi gani, ikatusimamisha kazi, ikatuharibia matokeo ya wateja, na sasa inageuzwa kuwa sababu ya kutuuzia diski nyingine.

Kila sampuli ya shaba au kobalti inayotufikia kutoka Kipushi, Likasi au Kolwezi huacha faili nyingi ndogo: vipimo vya mizani, picha ya mfuko na lebo yake, usomaji wa kila elementi, usomaji wa sampuli za kulinganishia, na hati ya matokeo inayotiwa saini. Nyingi kati ya hizo hazizidi kilobaiti mia chache. Fundi wenu ndiye aliyehamisha data kutoka seva yetu ya zamani. Lau angezihesabu faili alizokuwa akizihamisha, angeijua hali hiyo kabla ya kufomati diski mpya.

Siku seva ilipokataa kuandika, ujumbe ulisema kwamba hakuna nafasi iliyobaki. Fundi wenu alikuja, akausoma ujumbe huo, akaandika katika ripoti yake kwamba diski imejaa, akapendekeza tununue diski ya terabaiti 8. Hakuangalia zaidi ya hapo. Sisi tuliangalia. Amri ya df, inayoonyesha nafasi iliyotumika kwenye diski, ilionyesha kwamba katika terabaiti 4 tulizonunua, ni asilimia 9 tu iliyokuwa imetumika. Amri hiyohiyo ilipoandikwa df -i, yaani ilipoulizwa habari za inodi (kadi za kusajili faili) badala ya habari za nafasi, ilionyesha asilimia 100.

Niruhusu nieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ripoti ya fundi imelipita kimya. Katika ext4, ambao ndio mfumo wa faili wa diski yetu, kila faili na kila folda huchukua inodi moja, iwe na baiti kumi au gigabaiti kumi; humo ndimo zinamotunzwa habari za mwenye faili, ruhusa zake, saa zake, na mahali bloku zake, yaani vipande vya data yake, zilipo kwenye diski. Inodi zikiisha, hali huwa ya masjala yenye rafu tupu ambayo kadi za kusajili majalada zimekwisha: hakuna jalada jipya linaloweza kupokelewa. Idadi ya inodi huwekwa wakati diski inapofomatiwa, na tune2fs, ambayo hurekebisha mambo mengi baadaye, haiwezi kuirekebisha. Kwa kawaida mke2fs, amri inayofomati diski, hutenga inodi moja kwa kila baiti 16,384, na kwa diski yenye ukubwa kama wa yetu tungepata inodi zipatazo milioni 244. Tulipoendesha dumpe2fs -h, ambayo husoma superbloku, yaani rekodi kuu ya mfumo wa faili, bila kubadilisha chochote, tulikuta inodi zisizofika milioni moja. Hesabu hiyo inalingana kabisa na aina ya matumizi iitwayo largefile4, ambayo hutenga inodi moja kwa kila baiti 4,194,304.

Mpangilio huo si mbovu wenyewe. Unafaa kwa diski ya kurekodia kamera za ulinzi, ambako faili ni chache na kila moja ni kubwa mno. Tunaamini kwamba diski yetu iliandaliwa kwa mtindo mnaoutumia kwenye kazi za namna hiyo. Ikiwa sivyo, tungependa kuelezwa kwa maandishi ni kwa sababu gani uwiano huo ulichaguliwa kwa maabara.

Sasa litazame pendekezo la diski ya terabaiti 8. Ripoti inasema diski ya zamani itanakiliwa jinsi ilivyo kwenye mpya, kisha mfumo wa faili utapanuliwa. Mfumo unapopanuliwa kwa resize2fs, inodi huongezeka kwa uwiano uleule wa mwanzo. Maana yake ni kwamba tungelipa gharama ya diski kubwa zaidi, tukapata inodi zisizofika milioni mbili, na baada ya muda tungekwama tena huku terabaiti zaidi ya saba zikiwa tupu. Siwezi kuliita pendekezo hilo ushauri wa kiufundi, na ninasikitika kwamba lilitolewa kwetu kwa uhakika mkubwa kiasi hicho, mbele ya mkuu wa maabara, ambaye hana wajibu wa kujua mambo haya na aliliamini neno la fundi.

Jambo lililoniumiza zaidi tulilikuta katika matokeo yaleyale ya dumpe2fs. Kwenye orodha ya sifa za mfumo huo, jonali haimo. Bwana Mkurugenzi, wewe unaishi Lubumbashi kama sisi, unajua umeme wetu ulivyo, hasa msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi zinapoanza. Jonali ni daftari ambamo ext4 huandika kwanza mabadiliko inayokusudia kuyafanya katika muundo wake, ili umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ikiwaka tena isome daftari hilo, imalize lililobaki au iliache, na kazi iendelee baada ya sekunde chache. Pasipo jonali, e2fsck, programu ya ukaguzi, hulazimika kuukagua mfumo mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaoiondoa kwa makusudi ili uandishi uwe mwepesi au diski isichakae haraka, na kwa data ya muda isiyo na thamani wanaweza kuwa na haki. Kuiondoa kwenye diski inayobeba matokeo rasmi ya maabara, katika mji wenye umeme wa kukatikakatika, ni uamuzi ambao hakuna mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuuchukua bila sisi kujua.

Madhara yake yalionekana. Umeme ulipokatika na betri ya dharura ikashindwa kuhimili, ukaguzi ulikula saa za kazi, na ulipokwisha tulikuta faili za matokeo zimetupwa katika folda ya lost+found bila majina yake, nyingine zikiwa hazisomeki kabisa. Tulilazimika kuzirudia sampuli hizo mezani. Wateja waliokuwa wakingoja cheti cha uchunguzi kabla ya kupeleka mzigo mpakani Kasumbalesa walingoja zaidi, na walitulaumu sisi.

Tulikuta pia kwamba mfumo umeagizwa kuendelea na kazi hata unapogundua kosa katika muundo wake. Najua kwamba hilo ndilo chaguo la msingi la mke2fs, kwa hiyo sidai kwamba fundi wenu alilibuni. Lakini pale ambapo jonali imeondolewa, kuacha mfumo uliojeruhiwa uendelee kuandika ni kuukaribisha uharibifu uenee. Kwa tune2fs -e remount-ro angeweza kuufanya ujifunge na kubaki wa kusomwa tu hadi ukaguliwe, kwa amri moja fupi.

Kuhusu asilimia 5 ya bloku zilizotengwa kwa msimamizi mkuu wa mashine, ambazo kwetu ni gigabaiti 200, sina lawama kubwa: kwenye diski ya mfumo endeshi akiba hiyo huzuia mashine isikwame inapojaa, na kwenye diski ya data tu inatosha kuipunguza kwa tune2fs -m 1, bila kufuta chochote. Wala silalamiki kwamba ukaguzi wa mara kwa mara baada ya idadi fulani ya kuwashwa umezimwa. Matoleo mapya huja hivyo. Ninayataja haya ili uone kwamba hatukukaa kutafuta makosa.

Tunachoomba ni kwamba kampuni yenu, kwa gharama yake, inakili data yetu yote kwa kunakili faili zenyewe na si taswira ya diski, ihakikishe nakala hiyo mbele yetu, kisha iifomati upya diski ileile ya terabaiti 4 kwa uwiano wa kawaida wa inodi, pamoja na jonali na mwenendo salama wa makosa. Kazi hiyo ifanyike kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili, kwa sababu siku nyingine vyombo vyetu huandika mfululizo. Kabla ya fundi kuondoka, tukabidhiwe matokeo ya dumpe2fs -h yakiwa yamechapishwa na kutiwa saini, yakiambatana na maelezo mafupi ya kila mpangilio uliobadilishwa kutoka ule wa kawaida na sababu yake. Karatasi hiyo ndiyo tunayoithamini kuliko yote, kwa kuwa bila hiyo hakuna mtu hapa ambaye angeweza kujua mnatukabidhi nini.

Tunaomba pia turudishiwe malipo ya uchunguzi uliosema kwamba diski imejaa, na ankara ya diski ya terabaiti 8 ifutwe. Hatutailipa. Gharama za sampuli zilizorudiwa tunaziandaa katika barua nyingine, na tutaziambatisha na rejista ya maabara.

Tunasubiri jibu lako la maandishi ndani ya siku 10 za kazi tangu barua hii ipokelewe na ofisi yako. Nakala za matokeo ya df, df -i na dumpe2fs zimeambatishwa, pamoja na ripoti ya fundi wenu.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, salamu zetu za heshima.

Mkuu wa huduma ya kompyuta,
kwa niaba ya maabara