Kabla hujaweka sahihi fomu ya fidia

Mpendwa Nasieku,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wazee wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo.

Umeuliza kama yale yaliyoahidiwa barazani na watu wa mradi wa umeme yatawakinga mtakapohamishwa. Hayatawakinga. Kinachomkinga mtu ni karatasi, na hiyo karatasi huandikwa siku wanayokuja kuhesabu watu na mali, miezi mingi kabla ya lori la kuhamisha.

Chukua Olkaria, kule Naivasha. Vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishwa Agosti 2014 kupisha umeme wa mvuke wa Olkaria IV. Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilikuwa miongoni mwa waliotoa mikopo. Ukisoma mpango, ni mzuri: ekari 1,700, nyumba za kisasa, shule, zahanati. Lakini watu walikuwa wamehesabiwa 2009, na miaka mitano ni mingi. Vijana huoa, boma moja huwa matatu. Ardhi waliyopewa ilikuwa na makorongo, na ng'ombe hali ekari za kwenye ramani. Hati miliki haikuwa tayari watu walipohama. Mambo mazito hayakuelezwa ipasavyo kwa Kimaa. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilichunguza, na mwaka 2015 likasema kanuni za benki yenyewe zilikiukwa, hasa ile inayolinda jamii za asili. Upatanisho ukafuata, makubaliano yakatiwa sahihi Mei 2016. Fikiria muda wote huo wa kudai vitu ambavyo vingeandikwa mapema.

Sasa ninyi. Kwanza ulizeni kwa barua ni benki gani inatoa pesa, maana kila benki ina kanuni zake na mlango wake wa malalamiko. Ombeni mpango wa uhamishaji, na muhtasari wake kwa lugha mnayoongea. Humo tafuteni tarehe ya ukomo: anayejenga au kuhamia baada ya hapo hana dai. Ikipita miaka miwili mitatu bila fidia, andikeni kudai sensa irudiwe.

Siku ya kuhesabu msikubali fomu iandikwe "miti 4, nyumba 1". Iandikwe miti gani na mikubwa kiasi gani, nyumba ya nini, vyumba vingapi, choo, tangi, ua wa mifugo, kaburi. Kijana mwenye mke aandikwe kaya yake mwenyewe. Jina la mke liwe kwenye fomu, maana pesa ikiingia akaunti ya mume peke yake, mara nyingi mke huipata kama habari tu. Nafasi zilizobaki wazi zipigwe mstari kabla ya sahihi. Ukimaliza, piga picha kila ukurasa. Wakikukataza, usitie sahihi siku hiyo.

Kwenye bei ndipo watu huliwa zaidi. Mthamini akiona mabati yana kutu hukata thamani kwa uchakavu. Kanuni za Benki ya Dunia haziruhusu hilo: mabati 20 ya zamani hulipwa kwa bei ya mabati 20 mapya sokoni, pamoja na usafiri na ujira wa fundi. Asiye na hati pia analipwa nyumba yake na miti yake, hata kama hapati bei ya ardhi. Na fidia hutangulia kuhama. Hili la mwisho mlishike sana.

Malalamiko yaanze kwa kamati ya mradi, kwa maandishi, mkapewa namba. Lalamiko la mdomo ni gumu kulithibitisha baadaye. Wakinyamaza, andikieni ofisi ya benki Nairobi na mtunze nakala. Ikiwa ni Benki ya Dunia, hatua inayofuata ni Jopo: wanatosha watu wawili walioathirika, barua kwa lugha yoyote, bila ada wala wakili, na mnaweza kuomba majina yafichwe. Mlango hufungwa miezi 15 baada ya mkopo kufungwa. Jopo lenyewe halilipi fidia. Linachunguza kama benki ilifuata kanuni zake. Kwa hiyo barua ya kulaani serikali haitawafikisha popote. Semeni madhara gani, wapi, tangu lini, mlimwambia nani tarehe gani, na akajibu nini.

Kuhusu yule wakala anayeahidi kuwafuatilia fidia kwa asilimia, mimi ningemwacha. Akiwapa karatasi yoyote, nitumie picha yake kwanza, pamoja na ile fomu, nizisome kabla ya kikao chenu.

Ni mimi rafiki yako,
Wanjala