Mrema sio kichekesho, sisi wa Temeke tulimpigia kura

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda sasa. Vijana wa hapa Tandika ukiwatajia Augustino Lyatonga Mrema wanaanza kucheka, wanachokijua ni zile klipu za uzeeni na vile alivyokuwa anamsifia Magufuli majukwaani, basi hapo historia ya mtu imeisha. Mimi huyu mzee nilimpa kura yangu na kinyongo nae ninacho mpaka leo, ila sio hicho cha kuchekea kwenye simu.

Enzi za mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, kuanzia 1990, Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mbunge wa kule Moshi Vijijini kwa tiketi ya CCM, baadae akaongezewa na unaibu waziri mkuu juu yake, cheo ambacho hata kwenye katiba hakimo (2023 alipopewa Biteko ndio watu wakawa wanaulizana kumbe kiliwahi kuwepo). Ile "natoa siku saba" yake, ya kumpa mtu wiki moja awe ameshatekeleza, ilikuwa inawatoa jasho maofisa kweli kweli. Watu walikuwa wanamfuata na kesi za kila aina, aliyedhulumiwa kiwanja, mama aliyetelekezwa na mumewe na watoto juu, wote kwa Mrema. Msomi wa sheria atakwambia waziri sio hakimu, na mimi nakubali alikuwa anavuka mipaka sana tu, lakini mtu aliyezungushwa mwaka mzima njoo kesho njoo kesho hiyo hoja ya mipaka utamwelewesha vipi.

Mtaani kwetu kuna kituo kidogo cha polisi cha enzi hizo, alipokuwa anahimiza wananchi wajijengee. Mwenye uwezo alitoa saruji, asiyenacho alikuja Jumapili kubeba maji na tofali, fundi alikuwa jirani tu na malipo yake makubwa yalikuwa chai na maandazi. Leo bati zimeota kutu, dirisha moja limezibwa kwa mbao, lakini bado ukiibiwa simu unaanzia pale. Wanaocheka waniambie mwanasiasa gani mwingine aliwatoa majirani Jumapili asubuhi wakabebe tofali bila kulipwa.

1995 akakosana na wakubwa wenzake, uwaziri ukaisha, akahamia NCCR-Mageuzi na kugombea urais. Nyie vijana mnaona nyomi la siku hizi la kuletwa na malori na fulana za bure, wakati ule watu walikuwa wanalisukuma gari lake kwa mikono barabarani hapa Dar, halina kasoro yoyote, ni mapenzi tu. Mwalimu mwenyewe ilibidi apande jukwaani kumnadi Mkapa. Mkapa akatangazwa na asilimia 61.8, Mrema 27.8, na hapa Dar kura zilivurugika mpaka zikarudiwa Novemba, wapinzani wakasusa.

Mwaka uliofuata kiti cha Temeke kikawa wazi, mbunge aliyekuwepo aliachia ngazi kwenye yale mabishano ya elimu yake, Mrema akaja kugombea na tukampa. Mchaga wa Kiraracha anachaguliwa Temeke, na hakuna aliyeuliza kabila, wala sikumbuki hata mtu akiuliza sera ya NCCR inasemaje. Tulimchagua yeye.

Sasa hapa ndio kwenye kinyongo changu. Wakaanza kugombana wao kwa wao ndani ya chama, yeye upande huu, kina Mabere Marando, katibu mkuu wa chama, upande ule, kila siku magazeti hayo hayo, mpaka 1999 akaenda zake TLP, chama kingine cha upinzani. Na kwa katiba yetu ukihama chama ubunge nao unauacha huko huko. Yaani sisi tumemchagua mtu, ugomvi ni wa viongozi wa chama, anayepoteza mwakilishi ni Temeke! Huwa najiuliza ingekuwaje kama angesimama peke yake bila chama, maana kusema ukweli Mrema alikuwa mgombea binafsi siku zote, vyama kwake ilikuwa jezi tu za kumruhusu aingie uwanjani. Urais wa 2000 alipata kama asilimia 8, wa 2005 hata moja haikufika. Halafu 2010 akarudi nyumbani Vunjo, wakampa ubunge kwa TLP. 2015 akang'olewa na Mbatia wa NCCR, chama kile kile cha 1995. Magufuli akampa uenyekiti wa Bodi ya Parole, ile inayoshughulika na wafungwa kuachiwa mapema, na 21 Agosti 2022 akafariki pale Muhimbili akiwa na miaka 77.

Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani, Mungu amrehemu nae, alilipigania hili la mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya 90. Mahakama Kuu ilimkubalia 1994, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge, Mahakama ya Afrika pale Arusha 2013 ikampa ushindi, na mpaka leo bila chama hugombei hata udiwani.

Kwahiyo mhariri ombi langu ni dogo, mtume mwandishi wako akawaulize wabunge wa Dar mmoja mmoja kwa majina, kuhusu mgombea binafsi wanasemaje, ndio au hapana, mchapishe. Wa Temeke aanze.

Msomaji wako,
Tandika, Dar es Salaam