Mdogo wangu, nyuzi za udi wa baba ninazo mimi

Mdogo wangu,

Toumani Diabaté, mpiga kora wa Mali, alipofariki, Julai 19, 2024, nilishika simu nikupigie, kisha nikairudisha mezani. Nilijua tungeanza kwa kulia na kumaliza kwa kugombana.

Wewe ndiye uliyemleta nyumbani, kwenye kaseti iliyorudufiwa hadi sauti imechakaa. Baba alisikiliza kimya, halafu akauliza, "Hawa wako wangapi?" Ukamwambia ni mtu mmoja na kora yake moja: besi na mengine yote anayapiga kwa vidole gumba na vya shahada tu. Nyuzi 21 juu ya nusu ya buyu lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Baba akaweka risha chini. Usiku ule aliurudia wimbo wa Kaira mpaka kaseti ikanasa.

Tangu hapo ukamfanya Toumani hati yako ya kusafiria. Ukawa unaniuliza: mbona yeye alipiga na Ketama, kundi la flamenko la Hispania? Mbona alipiga na Taj Mahal, yule mpiga blues wa Marekani, na mwimbaji Björk, na London Symphony Orchestra, kora imepungua nini? Haikupungua kitu, na sikusema hata siku moja kwamba imepungua. Mimi nilikuuliza alikuwa akirudi wapi. Alirudi Bamako. Ijumaa usiku alipiga kwenye klabu ya Hogon na bendi yake, Symmetric Orchestra, watu wa mji wake wanacheza mbele yake. Ile rekodi yake na mpiga gita Ali Farka Touré, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 2006, walipigia Hôtel Mandé, kandokando ya mto Niger. Mitambo ya kurekodi iliwafuata wao. Wewe ndiye uliyeifuata mitambo.

Tena yeye alisema mwenyewe kwamba baba yake, bingwa wa kora, hakumfundisha. Alijifunza kwa kusikiliza. Wewe baba alikushika vidole kimoja kimoja.

Sasa ile alfajiri. Teksi inanguruma nje, ukafungua kasha ukakuta udi mtupu. Nyuzi zote 11 nilizitoa mimi usiku, nikizungusha vigingi polepole mama asiamke. Hukusema neno. Ulipitisha kiganja pale nyuzi zinapolala, kama unampapasa mtoto mwenye homa, ukafunga kasha, ukatoka. Ungenifokea! Ungenipiga hata kibao! Ule ukimya wako sijausamehe hadi leo.

Arobaini ya baba ilikuwa haijafika. Nani angewafungulia mlango wanafunzi wake? Nani angekaa na mama? Nilidhani udi ukikosa nyuzi utabaki, na ukibaki udi nawe utabaki. Dada gani asingefanya hivyo? Niambie.

Wiki iliyopita nimekuona kwenye video, umekaa na mpiga kora kutoka Mali. Katikati ya wimbo uzi mmoja ukalegea, ukainamisha sikio juu ya udi, jicho la kushoto umelifumba. Mwenzako akakushikia sauti ileile, akairudia taratibu, mpaka ukaipata. Baba alikuwa akifumba jicho hilohilo.

Nyuzi zimo kwenye bati la biskuti, juu ya kabati la mama. Zile nene zimeanza kuwa nyeusi. Mama hajui kwamba nilizitoa mimi. Miaka yote hii anaamini uliondoka nazo. Sasa atajua, maana mtoto wa jirani humsomea kila ninachoandika hapa.