Kwa Asha, kabla hujaanza jiografia ya binadamu

Assalamu alaikum mwanangu,

Babaako kaniambia ushaandikishwa kozi ya AP (kozi ya kiwango cha chuo inayosomwa skuli za sekondari za Marekani) ya jiografia ya binadamu, nawe umeshaanza kukariri mito na miji mikuu. Iwache hiyo. Skuli huku Marekani zinafunguliwa Agosti na mtihani ni Mei, na katika muda wote huo utakuwa unaulizwa jambo moja: kwa nini kitu hiki kiko hapa, hakiko pale?

Tazama mikarafuu. Ukiulizwa kwa nini Pemba imeipita Unguja kwa karafuu, "udongo na mvua" ni nusu ya jibu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba nyingi ikasalimika. Udongo unaeleza kwa nini mkarafuu unaota. Kimbunga kinaeleza kwa nini uzito wa zao ulihamia kwenu.

Panapowaangusha wengi mapema ni msongamano wa watu, maana hupimwa kwa aina tatu. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Gawa kwa kilomita za mraba 2,460, unapata kama 768. Hesabu hiyo haijali ardhi ikoje. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, sehemu kubwa ni maweni, jembe haliingii. Ukiwagawa watu hao hao kwa ardhi inayolimika tu, namba inapanda, na hiyo ndiyo inayoonesha watu wanavyoielemea ardhi inayowalisha. Aina ya tatu huwachukua wakulima peke yao, ikawagawa kwa ardhi hiyo inayolimika. Ikiwa kubwa, mara nyingi kilimo ni cha mikono, mashine chache. Wanafunzi huzichanganya kwa sababu hukariri majina, hawatazami kipi kimegawiwa kwa kipi. Halafu shuka ngazi: karibu nusu ya Wazanzibari wako Mkoa wa Mjini Magharibi, kwa hiyo ile 768 haikwambii kitu kuhusu Micheweni huko Pemba.

Modeli ni nyingi, hazitishi. Ile ya mchumi Mjerumani von Thünen ya 1826 inapanga kilimo kwa duru kuzunguka soko: mboga na maziwa karibu kwa kuwa huharibika, kuni karibu kwa kuwa ni nzito, mifugo mbali. Jifunze pia inapovunjika. Yeye alidhania nchi tambarare yenye soko moja, isiyofanya biashara na nje; nyanya nyingi za soko la Darajani, mjini Unguja, zinavuka bahari kutoka bara. Watahini wanapenda sana kuuliza hapo.

Mtihani una maswali 60 ya kuchagua kwa dakika 60, nusu ya alama. Ukikosea hukatwi, basi usiache hata moja wazi. Nusu ya pili ni maswali matatu ya kuandika kwa dakika 75. Kila moja lina vipande saba, A mpaka G, pointi moja moja. Utangulizi na hitimisho havina pointi, usivipotezee wino.

Kinachowakosesha alama ni kitenzi cha swali. "Taja" hutoshelezwa na sentensi moja. "Eleza" hudai sababu na namna inavyofanya kazi. Mathalan, eleza sababu ya kiuchumi inayowahamisha vijana kwenda mjini. "Kwa sababu ya uchumi" ni sifuri, umemrudishia mtahini swali lake. Andika hivi: shamba la karafuu hutoa kazi kwa msimu, hoteli na bandari hulipa kila mwezi, kwa hiyo kijana huenda penye kipato cha uhakika. Hiyo ni pointi.

Kabla ya safari, chukua daftari, kila ukurasa msamiati mmoja: juu maana yake kwa Kiingereza, chini mfano wa Pemba, kisha mfano wa nchi nyingine. Mfano wa pili usiuache, maana wa kwetu peke yake hautakufikisha kwenye swali la Brazil au India.

Nisalimie wote hapo Wete, khasa bibi.

Shangazi yako